Mazabodi ya Kwaya

Haya niliyasikia kwa Leticia mwenyewe, mke wa Evod, wiki ya Pentekoste, tulipokuwa kwa Bibiana tunachambua mchele wa harusi. Vidole vyake vilikuwa vinatoa chuya na mawe bila macho kuangalia, na mdomo unasimulia. Wenzetu walicheka mpaka ungo mmoja ukamwagika. Mimi nilicheka nao, lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba siku zile zenyewe hazikuwa za kucheka hata kidogo.

Leticia ana duka lake hapa Ifakara, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Anachapa barua, anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti. Lakini kazi aliyoipenda tangu usichana ni ya kuunganisha video. Umpe harusi iliyopigwa ovyo ovyo, bibi harusi hana kichwa, mshenga anakula, yeye atakaa nayo kwenye kompyuta, akate hapa, aunge pale, mpaka mwenye harusi atoe machozi. Evod mumewe yuko Mngeta kwenye mashamba makubwa ya mpunga, anaendesha trekta, huja mwisho wa mwezi. Nyumbani Leticia, ambaye wengi humwita Mama Happy kwa jina la mwanawe, anakaa na mama mkwe wake, Mama Ursula.

Sasa, kwaya ya kigango chao ilikuwa imerekodi nyimbo zake. Walipigwa picha mashambani, wakapigwa picha kule darajani, wamevaa vitenge vipya vya sare. Ikabaki kazi ya kuziunganisha ziwe video, izinduliwe Jumatatu ya Pasaka ukumbini, ukutani, watu wote waone. Kwenye kikao baada ya misa wengi walitaka zipelekwe studio moja ya Morogoro. Hapo ndipo Leticia, ambaye huimba sauti ya pili, akasimama.

"Msizipeleke," alisema. "Kompyuta yangu ina ugonjwa, sifichi. Bodi kubwa ya ndani, ile mafundi wanayoiita mazabodi, inakufa. Inazima katikati ya kazi. Lakini hiyo hela ya Morogoro nipeni mimi ninunue mazabodi nyingine na prosesa yenye nguvu, huo ndio ubongo wake. Kazi nitaifanya bure, mwaka huu na mwakani na mwaka wa tatu. Jumatatu ya Pasaka mtajiona ukutani."

Watu wakanong'ona. Mwanamke? Mke wa dereva wa trekta? Mwenyekiti wa kwaya, Remigius, aliyekuwa anauza vipuri vya baiskeli pale stendi, alimtazama kama anavyotazama mteja anayekopa.

"Na isipowezekana?"

"Isipowezekana, msinipe tena hata kitabu cha nyimbo nikishike."

Neno likishatoka kinywani halirudi tumboni. Wakampa.

Jumatatu ya Juma Kuu, Leticia na Remigius wakaenda kwa mzee Salimu. Huyu ni mtu wa Pwani, yuko Ifakara miaka mingi, anauza kompyuta zilizokwisha kutumika na vipuri vyake. Asichokuwa nacho dukani anakiagiza Kariakoo, kinakuja na basi. Remigius alikwenda kwa sababu hela ilikuwa ya kwaya, na hela ya kwaya, alisema, haitembei peke yake.

"Shikamoo, mzee Salimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na mlinzi?"

Leticia aliifungua kompyuta yake palepale juu ya meza. Mzee Salimu akainama, akatazama vile vidude vya duara vinavyosimama kwenye bodi. Vilikuwa vimevimba vichwa kama maandazi yaliyozidi hamira.

"Eeh," alisema. "Hii si ya kutibu. Hii ni ya kuzika."

Akawaeleza kwamba kwa hela ile njia ni mbili. Ya kwanza, mazabodi mpya kabisa, ndani ya boksi lake, ya toleo la karibuni, na prosesa yake mpya. Lakini hela ingetosha tu prosesa iliyo ndogo kuliko zote za toleo hilo. Tena bodi hiyo haikubali ramu za zamani, vile vijiti ambavyo kompyuta hushikia kazi inayoifanya. Ramu mpya angenunua moja tu, tena ndogo.

Njia ya pili, mazabodi iliyokwisha kutumika, ya toleo la zamani kidogo, na prosesa kubwa ya i7 ya toleo hilohilo, nayo imetumika. Hiyo ingezipokea ramu zake zote nne alizokuwa nazo.

"Chaguo ni lenu," alisema mzee Salimu. "Ila nawaambia mapema, mzigo ukishatoka Kariakoo haurudi. Mkikosea mmekosea."

Remigius hakuhitaji kufikiri. "Mpya. Kwaya hainunui skrepa."

"Mwenyekiti..."

"Mama Happy, mimi nauza vipuri. Nimezeeka navyo. Cha zamani ni cha zamani. Nikiulizwa kigangoni hela imeenda wapi, niseme tumenunua kitu alichokitupa mtu wa Dar?"

Leticia aliisogeza kompyuta yake pembeni. Mtu anaweza kujua jambo moyoni na bado maneno yake yakaonekana madogo mbele ya boksi jipya. Na boksi la mfano lilikuwapo pale kwenye rafu, linameremeta, limechorwa moto na radi.

"Mwenyekiti, nikuulize," alisema taratibu. "Mteja akija kwako na baiskeli ambayo fremu tu ndiyo imekatika. Matairi mazima, mnyororo mzima, tandiko zima. Na ana safari ya kubeba magunia kesho. Utamuuzia fremu nzuri iliyotumika, avishe vitu vyake aondoke? Au utamuuzia fremu mpya ya kisasa ambayo matairi yake hayaingii, halafu umwongezee tairi moja?"

Mzee Salimu alikohoa, akageuza uso kuficha kicheko.

"Lakini hiyo ya kisasa ana kesho nayo," alisema Remigius. "Atanunua tairi la pili mbele ya safari."

"Kweli. Kama safari si ya kesho, ningechukua hiyo. Lakini sisi safari yetu ni Pasaka. Nyimbo hizi zinataka prosesa yenye nguvu na ramu nyingi, zote mbili kwa pamoja, wiki hii. Hiyo mpya itazima kwa kukosa pumzi kabla ya wimbo wa pili."

Remigius alilitazama tena lile boksi la kwenye rafu. Halafu akasema, "Sawa. Lakini chaguo ni lako, jina ni lako. Mimi nilisema mpya, mzee Salimu shahidi."

"Nimekusikia," alisema mzee Salimu, akachukua simu kupiga Kariakoo.

Mzigo uliingia Jumatano jioni, na mvua. Si mvua ya kusema unajikinga kwa kanga. Ilikuwa ile ya masika inayoshuka kutoka milimani kama mtu amepindua ndoo. Leticia aliupokea stendi kwa konda wa basi, boksi limelowa mpaka karatasi inabaki mkononi. Prosesa ilikuwa kwenye kikasha chake cha plastiki, haikupata kitu, akaitia kwenye pochi. Mazabodi ndiyo aliyoihofia. Akapanda bodaboda, ameikumbatia chini ya blauzi kama kichanga.

Nyumbani akaifungua juu ya meza ya duka. Ilikuwa na matone huku na huku. Katikati yake kulikuwa na ile nafasi ya mraba ambamo prosesa hukaa, soketi, nayo yule muuzaji wa Kariakoo alikuwa ameiziba kwa karatasi ya gundi kwa kuwa kifuniko chake cha plastiki kilikwisha kupotea. Ndani ya soketi kuna vipini vidogo vidogo, zaidi ya elfu moja, vyembamba kuliko unywele, vyote vimeinama upande mmoja kwa mpango. Hivyo ndivyo vinavyogusana na prosesa. Leticia aliibandua ile karatasi aone kama maji yameingia. Hayakuingia. Akashukuru Mungu. Akafuta matone kwa kitambaa, akaiacha bodi mezani ikauke, akakimbilia mazoezi ya kwaya, maana Juma Kuu anayekosa mazoezi anasemwa mpaka Noeli.

Karatasi hakuirudisha.

Aliporudi, meza ilikuwa tupu.

Alisimama mlangoni, daftari la nyimbo mkononi. Aliangalia chini ya meza. Aliangalia juu ya mashine ya fotokopi.

"Mama!" aliita. "Mama, kuna mtu aliingia humu?"

Mama Ursula akatokea uani anajipangusa mikono, uso umejaa furaha ya mtu aliyefanya jema.

"Nani aingie na mimi nipo? Ile kitu yako niliikuta imelowa, mwanangu, nikasema maskini, Mama Happy kaacha mali ya kwaya inaoza. Nimekutilia kwenye mchele. Kesho asubuhi itakuwa kavu kama mfupa."

Hapa kwetu, wasomaji, mnajua. Simu ikidondoka mtoni, mchele. Redio ikinyeshewa, mchele. Nani bonde hili hajawahi kufukia kitu kwenye mchele? Na Mama Ursula hakuutumia mchele wa chenga. Aliutumia mchele wa Pasaka, ule mzuri wa kunukia aliouweka kwenye ndoo tangu mavuno.

"Uliitia vipi, mama?" Sauti ya Leticia ilikuwa ndogo.

"Vizuri. Nimeilaza, nikaishindilia, nikamwaga mchele juu, nikaitikisa ndoo ili mchele uingie kila mahali. Usipotikisa maji yanabaki."

Leticia alipiga magoti mbele ya ndoo. Alichota mchele kwa kiganja, taratibu, kama anayefukua yai. Bodi ikatokea. Ndani ya soketi punje za mchele zilikuwa zimekaa kama zimepandwa, na vumbi jeupe la pumba limeshika kila mahali. Alizitoa punje moja moja. Chini yake vile vipini havikuwa na mpango tena. Upande wa kushoto, kona yote, vilikuwa vimelala kama mpunga uliopigwa na upepo, vingine vimepandana.

Yale maneno ambayo angemwambia mtu mwingine yeyote yalimfika mdomoni. Lakini utamkemea nani? Mama aliyemzaa mumeo, aliyekupokea na mwanao, aliyetoa mchele wake wa sikukuu kwa ajili ya kitu chako? Aliyameza. Aliniambia yalishuka kama ugali usiotafunwa.

"Vipi, imekauka?" Mama Ursula aliuliza.

"Imekauka, mama."

"Umeona!"

Asubuhi ya Alhamisi Kuu mzee Salimu aliivaa miwani, akaipeleka bodi mlangoni penye mwanga, akaitazama. Akaitazama tena.

"Mwanangu," alisema, "hii imekufa."

"Hakuna nyingine?"

"Kuna nyingine Kariakoo. Una hela nyingine?"

Leticia akaanza kuifunga bodi kwenye kitambaa.

"Hata ungekuwa nayo, Pasaka hii mabasi yamejaa. Ingefika wiki ijayo. Na vipini hivi, wa kuvinyoosha kimoja kimoja labda yupo, lakini mimi singevigusa. Mikono yangu hii inamwaga hata chai."

Maneno ya Ifakara yanasafiri kwa baiskeli. Kabla Leticia hajafika nyumbani Remigius alikuwa ameshaegesha yake mlangoni, na Mama Ursula amempa kiti.

"Nionyeshe," alisema Remigius.

Akamwonyesha.

"Nani kafanya hivi?"

"Ililowa na mvua, mwenyekiti."

"Mvua inapinda vyuma?" Remigius alisimama. "Nilisema mpya! Mpya ingekuja na kifuniko chake, kwenye boksi lake. Mzee Salimu ni shahidi. Sasa hatuna hela, hatuna video, tuna vitenge. Tutasimama ukumbini tumevaa vitenge tuonyeshe nini? Nimempigia yule wa Morogoro. Amekubali kutusubiri malipo, lakini picha zote zimfikie na basi la kesho asubuhi. Nipe hiyo diski yenye picha niondoke."

Leticia aliishika diski kwa mikono miwili. Akitoa diski ile, basi. Hatasema tena neno kigangoni, na kila harusi ya bonde hili itapita mlangoni kwake ikienda Morogoro.

"Mwenyekiti, kaa," alisema Mama Ursula.

"Mama, nina haraka."

"Nimesema kaa. Hiyo mvua yenyewe ni mimi. Niliitia kwenye mchele." Aligeuka akamtazama Leticia, na furaha yote ya jana ilikuwa imemtoka usoni. "Mwenzangu ananificha, kumbe nimemharibia. Nimeyasikia ya kwa mzee Salimu, yamefika kabla yako, mwanangu." Kisha akamrudia Remigius. "Lakini wewe Remigius, simu yako ilipotumbukia kule kivukoni, ulikuja kuomba mchele kwa nani? Si kwangu? Ulikuja umelowa mpaka kiunoni, unalia lia, 'Mama Ursula niokoe.' Leo umekuwa daktari wa mchele?"

Remigius akakaa.

"Ile ilikuwa simu," alisema kwa sauti ya chini.

"Na ilipona?"

"Ilipona."

"Basi mpe huyu naye usiku mmoja. Basi la kesho linaondoka asubuhi. Uje na baiskeli yako. Akishindwa utaichukua diski, na mimi nitakuja kigangoni niseme mbele ya watu kwamba ni mimi."

Remigius alichukua kofia yake. Mlangoni aligeuka. "Asubuhi," alisema. "Sina cha kuongeza."

Mchana ule mvua ilikata, jua likatoka. Leticia aliisogeza meza mpaka dirishani, akatafuta sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, akaifunga kwenye kalamu. Macho peke yake hayangeweza. Akafungua kamera ya simu, akaivuta karibu mpaka vipini vikaonekana vikubwa kama vijiti vya kiberiti. Lakini mtu ana mikono miwili tu.

"Nipe hiyo simu niishike," alisema Mama Ursula.

"Mama, ikitikisika kidogo tu nitakosea."

"Nimeshika watoto wa watu wakikatwa vitovu. Nipe."

Akaishika. Viwiko mezani, simu juu ya soketi, hatikisiki. Leticia akaishusha sindano. Anagusa kipini, anakiinua kidogo, anaacha, anaangalia kama kimelingana na ndugu zake. Kikibaki chini, anarudia. Ukiinua kidogo hakigusi prosesa. Ukiinua sana kinakatika. Alipumua kwa pua, polepole, kama anayevuka mto kwenye gogo.

Simu ikaanza kupanda na kushuka.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasali rozari."

"Mama yangu, leo sala iwe ya moyoni. Pumzi inatikisa."

"Mungu anasikia na ya moyoni?"

"Anasikia."

"Haya."

Wakaendelea. Wateja walibisha hodi, Mama Ursula akawafukuza bila kugeuza kichwa: "Tumefunga! Leo Bwana wetu anakamatwa, nyie mnataka fotokopi?" Safu ya kwanza ikasimama. Ya pili ikasimama. Kwenye kona, pale palipoharibika zaidi, kipini kimoja kilikuwa kimelala juu ya mwenzake. Leticia alikishika, akakiinua, akahisi kinakubali, halafu hakuhisi kitu tena. Kwenye ncha ya sindano kulikuwa na kitu kidogo kama mavi ya nzi, kinang'aa.

Kimekatika.

Mama Ursula aliona kwenye simu. Walikaa hivyo, wanawake wawili, kengele ya kanisa inapiga ya ibada ya Alhamisi, na kila mmoja anajua sauti ya pili ya kwaya leo ina pengo.

"Kila kimoja kina kazi yake?" Mama Ursula aliuliza baadaye.

"Vingi vina kazi. Vingine havina. Sijui hiki ni cha wapi."

"Basi endelea na vilivyobaki. Maiti haiamki kwa kutazamwa."

Aliendelea mpaka jua likaanza kuondoka dirishani. Akapuliza vumbi la pumba kwa pampu ya baiskeli ya Evod, akaiweka prosesa, akashusha mkono wa chuma wa kuibana. Mkono ule huwa unalia, krrr, kama unavunja kitu, hata kwenye bodi nzima. Leticia alifumba macho, akaubana mpaka mwisho. Akafunga feni, akachomeka ramu zake zote nne, akaunga nyaya, akabonyeza kitufe.

Feni ikazunguka. Ikasimama. Ikazunguka. Ikasimama. Kioo kikabaki cheusi.

"Inataka nini?" Mama Ursula alinong'ona.

Leticia alizima. Akachomoa ramu zote, akabakiza moja. Akabonyeza. Feni ikazunguka, ikasimama. Akaihamisha ile moja kwenye nafasi ya upande wa pili. Akabonyeza.

Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Kioo kikawaka.

Mama Ursula alipiga kigelegele kilichowatoa majirani. Leticia hakupiga. Alichomeka ramu ya pili pembeni ya ile, ikakubali. Alipojaribu upande ule mwingine tena, kioo kikafa. Akaelewa: kile kipini kilichokatika kilikuwa cha upande huo. Nusu ya ramu zake hazina tena mahali pa kukaa. Kompyuta imefufuka, lakini imefufuka na pafu moja.

Ijumaa Kuu asubuhi Remigius alifika na mfuko wa kuwekea diski. Alikuta kioo kinawaka, akasimama.

"Inafanya kazi?"

"Inawaka," alisema Leticia. Akamweleza yote, kipini na ramu, bila kuficha. "Prosesa ni nzima, ina nguvu zake zote. Ramu ni nusu."

"Itamaliza nyimbo zote?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko sindano. Angesema ndiyo, Remigius angeondoka na amani yake. Kama ingezima Jumapili, basi la Morogoro lingekuwa limeshapita.

"Sijui, mwenyekiti. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya. Ngoja nianze wimbo mmoja mbele yako, ule mrefu, uliokuwa unaizima zamani. Basi bado halijaondoka. Ikizima, diski hii hapa."

Remigius alitazama saa, akatazama baiskeli, akakaa. Leticia akaanzisha ile kazi ya mwisho ya kuupika wimbo uwe video kamili, mafundi husema kurenda. Kwenye kioo mstari wa kijani ukaanza kusogea. Ulisogea kama konokono. Zamani, ukifika katikati, kompyuta ilikuwa inazima yote na kuanza upya.

Mama Ursula alikuwa anapepea kompyuta kwa ubao wa kukatia mboga, kwa kuwa aliambiwa prosesa kubwa ina joto. Mstari ukafika robo. Taa ya chumbani ikafifia, ikarudi. Mstari ukafika katikati. Ukasimama.

Remigius alinyanyuka nusu, mkono umeshaelekea kwenye diski. Kule stendi honi ya basi ikalia, ile ndefu ya kuita wa mwisho.

"Subiri," alisema Leticia. "Imejaa. Inatafuta nafasi. Subiri, mwenyekiti, nakuomba."

"Basi linaondoka."

"Nasikia."

Remigius alibaki hivyo, hajakaa, hajasimama. Alimtazama Mama Ursula, akitegemea tusi. Mama Ursula alipepea tu, jasho linamtiririka. Honi ikalia mara ya pili, ikaanza kwenda mbali, upande wa barabara ya Mikumi. Na Remigius akakaa.

Mstari ukasogea. Kidogo. Kisha kidogo tena. Ulipita katikati, ukaendelea mpaka mwisho. Leticia akabonyeza, na kwenye kioo wakatokea wao wenyewe wamevaa vitenge, wamesimama darajani, na Remigius mbele yao akinyoosha mkono kuanzisha wimbo.

Alijitazama mpaka wimbo ukaisha.

"Nimenenepa," alisema.

"Hiyo si kompyuta," alisema Mama Ursula.

Kazi haikwisha kirahisi. Leticia alilazimika kukata kila wimbo vipande, aupike kipande kipande, kisha aviunge, maana pafu lilikuwa moja. Ijumaa yote na Jumamosi yote hakulala zaidi ya kuegemeza kichwa mezani. Remigius alikuja na kuondoka, alileta soda, alileta samaki, hakulitaja tena neno mpya wala zamani. Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, alirudi akakaa kwenye kiti kilekile na kanzu yake ya kwaya, kusubiri wimbo wa mwisho.

Ulipoisha, mchana ulikuwa umetulia, watu wameshiba, mtaa mzima kimya. Leticia alinakili nyimbo zote kwenye flashi mbili. Moja akaenda kumpa Remigius. Alikuwa amelala, kidevu kifuani, mdomo wazi. Akaitia flashi kwenye mfuko wa kanzu yake, akafunga kifungo. Remigius alishtuka, akaishika kwa nje ya mfuko.

"Zote?"

"Zote, mwenyekiti."

"Mwakani," alisema macho yamefumba, "tutaimba nyimbo nyingi zaidi." Akaendelea kukoroma.

Mama Ursula alikuwa kwenye mkeka chini ya dirisha, amelala ubavu, ubao wa kukatia mboga bado mkononi. Leticia aliutoa taratibu, akamfunika miguu kwa kanga. Akaizima kompyuta, feni ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza. Akajilaza pembeni ya mama mkwe wake, mgongo kwa mgongo, na kabla hajamaliza kuvuta upande wake wa kanga, usingizi ukamchukua.